Kifaru wa Rusinga: jina limebadilika, ukoo je?

*"Hujambo Daktari. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari karibu na Mbita. Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu aliniletea jiwe lenye umbo la jino, kubwa kama ngumi ya mtoto, aliloliokota kwenye korongo la kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, baada ya mvua. Juu yake kuna mikunjo kama herufi. Kitabu cha zamani katika maktaba yetu kinasema kisiwani humo kuliishi kifaru aliyeitwa Dicerorhinus leakeyi, wa jenasi moja na kifaru wa Sumatra. Mtandaoni naona Rusingaceros leakeyi. Wanafunzi wananiuliza: hao ni wanyama wawili au mmoja? Ndiye babu wa vifaru weusi wa hifadhi ya Ruma? Na kama wataalamu wenyewe wanabadilisha majina kila mara, tuwaamini vipi? Tena kuna mtu ameniambia jino hilo lina bei. Nifanye nini?"*

Mwalimu, nianze na lile lisilongoja: jino usiliuze, usilioshe, na usimruhusu mtu alipake vanishi ling'ae. Liviringishe kwenye karatasi ya shashi, liweke ndani ya mkebe, kisha tulia tuzungumze. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu hapo ndipo utahitaji mtu wa kulishika mkononi, si mimi wa kukuandikia kutoka mbali.

Sasa majina. Mnyama ni mmoja. Dicerorhinus leakeyi wa kitabu chenu na Rusingaceros leakeyi wa mtandaoni ni kifaru yuleyule, mifupa ileile, kisiwa kilekile. Kilichobadilika ni maoni kuhusu ndugu zake. Wanafunzi wako wakilielewa hilo, maswali yao mengine mawili yatakuwa mepesi.

Aliyemtaja wa kwanza ni Dirk Albert Hooijer, Mholanzi aliyefanya kazi katika makumbusho ya Leiden, ambaye mwaka 1966 alichapisha uchambuzi mrefu wa vifaru wa Afrika Mashariki wa Miosini, enzi ya miaka milioni 23 hadi 5 hivi iliyopita. Kati ya mifupa ya Rusinga aliona kifaru mwenye pembe mbili ambaye hakufanana na wengine waliojulikana, akampa jina la spishi leakeyi kwa heshima ya Louis Leakey, mtafiti maarufu wa visukuku wa Kenya. Jina la spishi peke yake halitoshi. Lazima mnyama aingizwe katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Hooijer akamweka Dicerorhinus. Miaka 44 ikapita. Mwaka 2010 Denis Geraads, Mfaransa, akiandika sura ya vifaru katika kitabu kikubwa kuhusu mamalia wa kale wa Afrika, akamtoa humo na kumpa jenasi yake mwenyewe, Rusingaceros. Jina lenyewe ni rahisi kulifungua darasani: *keras* ni pembe kwa Kigiriki, kwa hiyo ni "pembe ya Rusinga".

Kuna alama ndogo ambayo huenda umeiona ukadhani ni kosa la uchapaji. Vitabu vya zamani huandika Dicerorhinus leakeyi Hooijer, 1966, bila mabano. Vipya huandika Rusingaceros leakeyi (Hooijer, 1966), kwa mabano. Mabano hayo ni sheria ya kimataifa ya kutaja wanyama, na maana yake ni hii: mtu huyu ndiye aliyeipa spishi jina mwaka huo, lakini aliiweka katika jenasi tofauti na hii unayoisoma. Ni kama kadi ya hospitali yenye alama kwamba mgonjwa amehamishwa wodi. Jina lake halikufutwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mabano yale mawili yana historia ndefu kuliko ukurasa wenyewe.

Kwa nini alihamishwa? Hapa lazima tumtendee Hooijer haki, maana si kwamba alikosea kama anavyokosea mzembe. Katika siku zake, Dicerorhinus ilikuwa kama kapu la sokoni. Kifaru yeyote wa kale mwenye pembe mbili, wa Ulaya au Asia, ambaye hakuwa na sifa za pekee za vifaru wa Afrika wa leo wala za yule mwenye manyoya wa enzi za barafu, alitupwa humo. Baadaye watafiti walianza kulimwaga kapu na kupanga upya: yule wa Sansan, Ufaransa, akapewa jenasi ya Lartetotherium mwaka 1974, wengine wa Ulaya wakaitwa Stephanorhinus na Dihoplus. Mwishowe Dicerorhinus ikabaki karibu na mwenye jina halali, yaani kifaru wa Sumatra, yule mdogo mwenye nywele ambaye leo duniani hawafiki mia moja. Kifaru wa Rusinga alikuwa mmoja wa waliobaki chini ya kapu kwa muda mrefu.

Kosa la kapu lile linaelezeka kwa mfano wa nyumbani kwenu. Ukiingia darasani ukakuta wavulana wawili wanaoitwa Otieno, huwezi kusema ni ndugu. Wote walizaliwa usiku, basi. Jina linakueleza jambo la kweli kuhusu kila mmoja, ila halikuelezi kuhusu baba zao. Pembe mbili ni Otieno wa vifaru. Vifaru wa koo mbalimbali walikuwa nazo, wengine walikuwa na moja, wengine hawakuwa na pembe kabisa, na pembe zimezuka na kupotea zaidi ya mara moja katika historia ya familia hii.

Hebu niingie hapo kidogo, maana ndipo kiini cha uainishaji kilipo na vitabu vingi vya shule hupita mbio. Tunapotafuta undugu hatuhesabu tu mambo mangapi yanafanana. Tunauliza: mfanano huu umetoka wapi? Kuna mambo ambayo kila mtu katika ukoo amerithi kutoka kwa babu wa mbali sana. Vifaru wote wana vidole vya miguu vilivyopungua, kama farasi na tapiri walio jamaa zao. Ukiniambia kifaru fulani wa kale ana vidole vitatu mguu wa nyuma, hujaniambia lolote kuhusu yupi ni ndugu yake wa karibu, kwa kuwa wote wanavyo. Kuna mambo yaliyozuka mara mbili kivyake, kama hizo pembe. Na kuna mambo mapya, yaliyozuka mara moja kwa babu fulani na kurithiwa na kizazi chake tu. Hayo ya mwisho ndiyo ushahidi.

Mfano mzuri ni meno ya mbele. Kifaru mweusi na kifaru mweupe hawana meno ya mbele kabisa; hutumia midomo. Kifaru wa India, wa Java na wa Sumatra bado wanayo, na yale ya taya la chini ni makali kiasi cha kumjeruhi mpinzani. Mtu angesema basi, hawa wa Asia watatu ni kundi moja kwa sababu wana meno ya mbele. La. Kuwa na meno hayo ni hali ya zamani, waliyokuwa nayo mababu wa wote. Kuyapoteza ndiyo habari mpya, na hilo linawafunga pamoja weusi na weupe. Mjibu mwanafunzi kwa swali: watoto wawili waliobaki na ardhi ya babu, na mmoja aliyeuza yake; je, hao wawili ni ndugu zaidi kwa sababu hawakuuza? Watacheka, lakini watakumbuka.

Pembe zina shida ya pili. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini, ileile ya kucha na nywele zako, na keratini huoza. Huwezi kuchimba Rusinga ukakuta pembe. Tunachokiona ni mfupa wa pua au wa paji la uso uliokwaruzika na kuvimba mahali pembe ilipokaa. Kwa hiyo tunaposema Rusingaceros alikuwa na pembe mbili tunasoma makovu kwenye fuvu. Urefu wake na jinsi zilivyojikunja, picha za mtandaoni zinabuni. Wanaozichora wana haki ya kuchora, ila wanafunzi wajue ni sehemu gani ya picha imetoka kwenye mfupa na ni ipi imetoka kwenye kalamu.

Tuje kwenye swali la babu, ambalo ndilo lililonifanya nijibu barua hii kabla ya nyingine zilizotangulia.

Tabaka za Rusinga zenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, zina umri wa kati ya miaka milioni 17 na 20, na nyingi kati ya zile maarufu zinakaribia milioni 18. Tunajua hivyo kwa sababu kisiwa chenu kimejengwa na majivu. Ng'ambo yake, pale ulipo mzunguko wa vilima vya Rangwa, palikuwa na volkeno kubwa tunayoiita Kisingiri. Ilitapika majivu yenye kaboneti nyingi, aina adimu, yaliyofunika wanyama na mimea na kuvihifadhi ajabu: si mifupa tu, bali mbegu, matunda, hata wadudu. Na ndani ya miamba ya volkeno mna madini yenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka taratibu kuwa gesi ya argoni kwa mwendo unaojulikana; ukipima argoni iliyokusanyika unapata umri. Ziwa Viktoria, nikuambie kwa faida ya darasa, halikuwepo. Ziwa hilo ni kijana wa chini ya miaka milioni moja. Kifaru wetu hakunywa maji ya Nam Lolwe.

Upande wa pili kuna vifaru wa leo. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha jenomu (vinasaba vyote kwa ujumla) za vifaru wote watano wanaoishi pamoja na tatu waliotoweka, na hesabu zao zikaonyesha kwamba mstari wa Afrika, yaani weusi na weupe, uliachana na mstari wa Asia na Ulaya yapata miaka milioni 16 iliyopita. Weusi na weupe wenyewe waliachana baadaye sana.

Weka namba hizo mbili kando kwa kando, Mwalimu. Milioni 18, milioni 16. Kifaru wa Rusinga aliishi kabla ya hizo nyumba mbili kugawana. Wakati anakula majani chini ya Kisingiri, hapakuwa na "vifaru wa Afrika" na "vifaru wa Sumatra" kama nyumba tofauti. Ndiyo maana kumwita Dicerorhinus, jenasi ya Sumatra, ni kama kumuuliza mtu wa karne ya kumi alikuwa mfuasi wa Gor Mahia au AFC Leopards. Na kumwita babu wa kifaru mweusi peke yake kuna kasoro hiyohiyo, kwa kuelekea upande mwingine. Hata kama mstari uliomzaa kifaru mweusi ungepita karibu naye, ungekuwa umepita karibu na babu wa yule wa Sumatra pia. Makadirio ya jenomu yana ukingo wa kosa, na milioni mbili si pengo kubwa, lakini hoja haisimami kwa namba moja: mifupa yenyewe haina zile sifa mpya ambazo zingemfunga na upande mmoja.

Ukitaka kuwaonyesha jamaa wa kifaru mweusi waliokuwa karibu naye zaidi, panda milima kuelekea Fort Ternan, kilomita kama mia moja na zaidi kutoka kwenu. Huko, katika tabaka za miaka milioni 14 hivi, ametoka Paradiceros mukirii, aliyetajwa na Hooijer huyohuyo mwaka 1968. Huyu ana sura ya kundi la vifaru wa Afrika. Angalia pia jinsi Hooijer alivyolichagua jina: *para* ni "kando ya". Alimweka kando ya Diceros, jenasi ya kifaru mweusi, badala ya kumweka nyuma yake. Na mukirii ni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Leakey miaka mingi uwanjani na mwenye macho ya kuona mfupa mahali ambapo sisi tunaona changarawe.

Vifaru wa Ruma, basi, si wajukuu waliobaki kwenye shamba la babu. Kifaru mweusi ni spishi iliyokuja juzi kwa saa ya jiolojia, na hao wa Ruma wenyewe walihamishiwa bonde la Lambwe kwa malori katika miaka yetu hii. Wanaishi jirani na makaburi ya jamaa wa mbali, hilo ni kweli, na ni hadithi nzuri ya kutosha bila kuongezwa chumvi.

Niongeze jambo linalowashangaza wengi: asili ya vifaru si Afrika. Familia yao ilianzia Asia na Amerika Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, Afrika ikiwa bado kisiwa kikubwa kilichojitenga. Walipata njia ya kuingia pale bara letu, kupitia Uarabuni, lilipogusana na Asia mwanzoni mwa Miosini, yapata miaka milioni 20 na ushei iliyopita. Mababu wa tembo walitoka kwa mlango uleule waliouingilia wao. Rusinga inatuonyesha vifaru walipokuwa wageni wapya, na wageni hao walikuwa wengi na wa kila namna. Kulikuwa na Turkanatherium, aliyeelezwa mwaka 1951 na P. E. P. Deraniyagala wa Sri Lanka kutokana na mifupa ya Turkana. Huyo hakuwa na pembe hata moja. Kulikuwa na Brachypotherium, mzito mwenye miguu mifupi, kiwiliwili cha kiboko kwenye kichwa cha kifaru, ambaye spishi yake heinzelini ilitajwa kwanza kutokana na visukuku vya Kongo mwaka 1963. Kulikuwa na Chilotheridium wa Loperot. Na Karungu, siku moja tu ya safari kutoka kwako, kumetoka fuvu la Victoriaceros hooijeri, lililochapishwa mwaka 2016, ndugu ya Victoriaceros kenyensis wa kisiwa cha Maboko, mwenye pembe kubwa ya puani na macho yaliyosogea mbele ajabu.

Huyo Victoriaceros huwekwa upande wa ukoo wa Elasmotherium, kifaru mkubwa wa nyika za Urusi na Kazakhstan aliyeishi hadi enzi za barafu. Ukoo huo una wanachama hapa kwetu wenye majina ya kwetu: Ougandatherium wa Napak, Uganda, na Kenyatherium wa Nakali. Watu hupenda kumwita Elasmotherium "farasi wa pembe moja wa Siberia" na kumpa pembe ya mita mbili, ilhali hakuna mtu aliyewahi kuipata pembe yake. Hilo nimelisema kwa kuwa najua wanafunzi wako watalikuta wakitafuta kwenye simu.

Sasa utauliza, na ni haki yako: kwa nini tusipime tu vinasaba vya Rusingaceros tumalize ubishi? Kwa sababu DNA haivumilii. Ya zamani kabisa iliyosomwa, kutoka udongo wa baridi kali wa Greenland, ina miaka milioni mbili hivi. Milioni 18 kwenye joto la ikweta ni ndoto. Ila kuna mlango mwingine unaofunguka. Enameli, ganda la nje la jino, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini na hufungia ndani yake vipande vya protini. Mwaka 2025 watafiti walichapisha protini za jino la kifaru wa miaka milioni 21 hadi 24 kutoka Kisiwa cha Devon, kaskazini kabisa mwa Kanada, zenye habari ya kutosha kumpa nafasi kwenye mti wa ukoo. Wengine, mwaka huohuo, walieleza vipande vya protini kutoka meno ya wanyama wa bonde la Turkana, ya zamani zaidi yakiwa na miaka milioni 18. Kwa hiyo jino lililo kwenye mkebe wako si pambo. Na hii ni sababu nyingine ya kutolipaka vanishi.

Kuhusu kuamini. Nimekutana na swali hili kanisani, kwenye matatu, hata kwa shemeji yangu ambaye ni mwanasheria na angepaswa kujua kwamba hukumu hukatiwa rufaa. Tazama aliyekuwa maarufu kuliko wote Rusinga, yule nyani mkubwa ambaye Mary Leakey, mke wa Louis, alipata fuvu lake mwaka 1948. Kwa miaka mingi aliitwa Proconsul africanus. Mwaka 1993 akaitwa Proconsul heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri yuleyule. Mwaka 2015 jenasi ikabadilika, akawa Ekembo heseloni, na neno *ekembo* limetoka katika Kisuba, lugha ya wenyeji wa huko. Fuvu halikusogea kabatini. Kila jina lilikuwa dai la undugu, dai likapimwa kwa mifupa mipya, likasahihishwa hadharani na mtu aliyetia sahihi yake na mwaka. Mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na orodha ya wanyama ambayo haijaguswa tangu 1966.

Lakini nisiwapambe wenzangu mno. Wengine hubadilisha majina kwa sababu hafifu, kwa jino moja lililovunjika na hamu ya kuacha jina lao kwenye vitabu. Jenasi zilizojengwa juu ya fuvu zima, kama Victoriaceros, zina msingi mgumu kuliko zile za magego mawili. Ukitaka kuwafundisha kupima, wafundishe kuuliza: lilitajwa kwa kipande gani?

Darasani ungeweza kuliacha jina la kitabu cha zamani kwa kuwa ndilo lililo maktabani, lakini mwanafunzi akiingia mtandaoni atadhani umemdanganya. Ungeweza kufundisha jipya tu, na hapo atakayefungua kitabu atapotea. Ningekuwa wewe ningeandika Rusingaceros leakeyi ubaoni, mabano na vyote, na chini yake "zamani Dicerorhinus leakeyi". Kipindi kizima kitatoka kwenye mistari hiyo miwili. Familia Rhinocerotidae, hapo simama kwa uhakika. Chini ya familia, katika ngazi ya familia ndogo na makabila (vikundi vya jenasi ndani ya familia ndogo), wachambuzi hawajakubaliana kuhusu vifaru hawa wa Miosini ya mwanzo ya Kenya. Mmoja wao akibadilisha orodha ya sifa, mti wa ukoo unajipanga upya. Usiwape hapo jibu la kukariri la mtihani.

Turudi kwenye mkebe. Herufi uliyoiona, kama jino ni la taya la juu, huenda ni ile unayoandika ukifundisha eneo la duara: π. Magego ya juu ya kifaru yana ukuta mmoja mrefu upande wa shavuni na matuta mawili yanayotoka humo kuelekea ulimini. Ya chini yana umbo la miezi michanga miwili iliyofuatana. Ukiona π safi, uwezekano wa kifaru ni mkubwa. Lakini hata mimi sitakuambia ni Rusingaceros kwa picha ya simu. Vifaru waliokuwa wakizunguka volkeno ile nimekutajia, na magego yao hutofautiana kwa mambo madogo: mkunjo kidogo ndani ya bonde la jino, mbano kwenye kona moja, kimo cha taji ukilinganisha na upana. Jino likiwa limesagika kwa uzee wa mnyama, dalili hizo hufutika. Fundi mwenye uzoefu hulilinganisha na mengine kabatini, akiyageuza chini ya taa.

Makabati hayo yako Nairobi, katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa kuwa uko Mbita, anza na makumbusho ya Kisumu, ambayo ni tawi lao, uwaambie unataka kuripoti kisukuku cha Rusinga na kuunganishwa na idara ya paleontolojia, yaani ya elimu ya visukuku. Hilo si hiari. Chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, anayevipata hutakiwa kutoa taarifa, na kuchimba au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Yule aliyekutajia bei anakutajia pia kesi. Kijana wako hajafanya kosa lolote kwa kuokota kilichotolewa na mvua na kumletea mwalimu wake. Kosa lingeanzia kwenye mauzo.

Kabla ya kwenda, fanya haya wiki hii. Rudi naye hadi pale alipoliokota, mkiwa na simu. Piga picha ya korongo lote, kisha ya mahali penyewe, na uhifadhi alama za GPS. Angalia kama lilikuwa juu ya udongo au limechomoza kwenye mwamba, na mwamba ni wa rangi gani, kwa sababu jino lililoporomoka kutoka juu lina umri wa tabaka la juu, si wa lile lililolala. Jino lisilojulikana limetoka wapi limepoteza zaidi ya nusu ya habari zake. Msichimbe hata kidogo. Mkiona mfupa mwingine umechomoza, uacheni, weka jiwe la alama hatua mbili pembeni, piga picha, ondokeni. Na msililambe jino kama mtakavyosikia watu wa uwanjani wanavyofanya. Tunalamba mifupa kwa sababu mfupa wa kisukuku hunata kwenye ulimi. Jino halinati, na kwenye makorongo ya Rusinga mbuzi wamepita kabla yenu.

Kwenye karatasi ya mkebe andika tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, si kama ramani inavyoliita tu, na jina kamili la mwanafunzi kama aliyelipata. Wakilikubali litapewa namba. Za Rusinga huanza na KNM-RU: KNM ni makumbusho yenyewe, RU ni Rusinga. Mwombe ofisa akuandikie namba hiyo mpeleke shuleni.

Nami naomba picha mbili zaidi, ukiweza: moja ya juu, jua likiwa la asubuhi ili vivuli vionyeshe matuta, na nyingine ya upande wa mizizi, rula ikiwa kando. Ile uliyonitumia ina kidole chako gumba juu ya kona ninayoitafuta.